Sanduku Chini ya Kitanda

Watu wa nyumbani husema Doha pesa zinaokotwa, na asiyetuma ni mchoyo. Hilo tumelizoea. Linaloniuma zaidi ni neno la wageni wanaokuja kutuandika, kwa sababu wao hulisema kwa huruma: ati sisi Waafrika Mashariki wa huku tumesimamisha maisha mpaka mkataba uishe, na furaha tumeiacha uwanja wa ndege wa Nairobi, Entebbe au Dar es Salaam.

Sikatai taabu. Wengi hufika tayari wana deni la wakala, na mishahara ya mwanzo yote huishia huko. Malcolm Bidali, mlinzi kutoka Kenya, aliandika juu ya maisha ya walinzi wa hapa, akakamatwa Mei 2021 na baadaye akatozwa faini ya riyali 25,000. Aliyoyaandika yalihitaji kuandikwa. Kima cha chini cha mshahara tangu Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi, na juu yake 300 za chakula na 500 za malazi kwa asiyepewa na mwajiri. Zigawe hizo kwa karo, dawa ya mama na deni, uone zitakufikisha tarehe ngapi. Lakini mwandishi anayefunga daftari lake hapo hajatuona siku ya Ijumaa.

Waislamu wakishaswali na Wakristo wakishatoka misa kwenye makanisa ya Mesaimeer, watu hupanda metro kwa riyali 2 wakakutana bustani ya Al Bidda au kando ya Corniche. Mikeka hutandikwa. Pilau hufunuliwa, chapati zikiwa bado zimefungwa kwenye kitambaa, na Mganda wetu hakosi ndizi zake. Wakati wa kiangazi, ambapo sheria yenyewe inakataza kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tunahamia vyumbani na kubanana juu ya vitanda vya ghorofa. Hapo ndipo utasikia namna yetu ya kuulizana hali. Mtu akiuliza, "Umebakisha nini?" hajibiwi kwa miezi. Anaambiwa, "Mimi niko kwenye linta," au, "Nimebakisha bati na milango." Mwingine atasema mdogo wake ameingia kidato cha tatu. Kuhesabu siku mbele ya wenzako tunaona ni kukosa adabu, maana unawahesabia na wao.

Kisha unakuja mchezo. Wakenya wenzangu wengi huuita chama. Ndugu zetu wa Tanzania husema upatu. Wetu una watu kumi, kila mmoja hutoa riyali 300 kwa mwezi, na mama mmoja wa makamo, anayepika katika shule ya watoto wadogo, ndiye mshika daftari. Zamu hupangwa kwa kura ya vikaratasi, ila mwenye msiba au mtoto aliyefukuzwa kwa karo hupishwa bila mjadala. Anayepokea husimama katikati, hufungwa kanga kiunoni hata kama ni mwanamume wa miraba minne, akasema mbele ya wote pesa zile zinakwenda kufanya nini. Hatakiwi kunong'ona. Akishasema, hupigiwa vigelegele mpaka wapita njia wageuke. Wiki inayofuata lazima alete picha: simenti imeshushwa, ng'ombe amenunuliwa, kijana amevaa sare. Simu ile huzunguka mkeka mzima, na watu huitazama picha kwa kuikuza kwa vidole, wakauliza maswali ya dirisha na mlango kana kwamba nyumba ni yao.

Mgeni akiona hivyo atasema tunaweka akiba. Benki nayo inaweka akiba, wala haipigi vigelegele. Katika mchezo, kila mwezi mmoja wetu anafika, na tisa waliobaki wanashuhudia kwa macho yao kwamba kufika kupo.

Wako wasioweza kuja. Sheria namba 15 ya mwaka 2017 inampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kila wiki, lakini kuna dada zetu ambao geti hawalivuki Ijumaa wala Jumamosi. Hao mchango wao hutumwa kwa simu, na zamu yao ikifika tunarekodi vigelegele tukawatumia. Dada mmoja wa Kisauni alituambia aliisikiliza sauti ile jikoni, sikio moja, huku anakaanga sambusa za futari. Akacheka peke yake hadi mama mwenye nyumba akamuuliza ana nini.

Sherehe za siku za kuzaliwa na mechi za mpira za Sanaya, eneo la viwanda, nawaachia vijana wazieleze. Mimi moyo wangu uko kwenye sanduku.

Sanduku hukaa chini ya kitanda tangu mwaka wa kwanza, na kila mshahara huingizwa kitu kimoja, hata kiwe kidogo namna gani: blanketi zito, chupa ya mafuta ya udi, kitambaa cha baibui, kopo la maziwa ya unga. Viatu vya watoto vina utaratibu wao. Mtoto huko nyumbani husimamishwa juu ya karatasi, unyayo ukachorwa kwa penseli, picha ikatumwa, na huku mzazi akapima kwa rula. Halafu hununua namba mbili juu ya kipimo, maana mguu unakua na yeye hayupo. Nimewahi kukaa na baba mmoja wa Tanga dukani, kiatu kimoja cheusi mkononi, akibishana na muuza duka Mhindi kwamba kipimo anakijua, lakini anamnunulia mtoto atakayemkuta. Ijumaa jioni mwenye sanduku hulivuta nje, vitu vikatolewa kimoja kimoja, wenzake wakavigusa na kuvinusa, wakavisifu na kukosoa rangi, kisha vikakunjwa upya. Wanaotuona husema tuna tamaa ya vitu. Waje waone nyuso za watu wanaokunja blanketi ambalo si lao.

Desturi hiyo inakufa. Vijana wanatuma pesa kwa M-Pesa na vitu vinanunuliwa kulekule Gikomba au Kariakoo, na kwa bei sitaweza kuwapinga. Ninachokililia ni ile jioni ya kukunja na kukunjua. Mchezo nao unaliwa taratibu na mikopo ya simu na kamari za mpira, ambazo zinampa mtu pesa au matumaini ya pesa akiwa peke yake kitandani, amejifunika shuka.

Na wanaotwambia kwamba kungoja ni kutoishi wangeuliza kidogo habari za pwani hii hii waliyosimama. Kabla ya mafuta kugunduliwa Dukhan mwaka 1939, Qatar ilikula lulu. Wanaume walitoka na majahazi mwanzo wa joto wakakaa baharini kama miezi minne, na wengi walipanda chomboni wakiwa na deni la nahodha. Deni hilo halikutofautiana sana na letu la wakala, ila lao liliweza kurithiwa na mtoto. Wanawake wa Ghuba walikwenda ufukweni kuimba, wakachoma makuti na kuyatumbukiza majini kuiadhibu bahari iliyowashikilia waume zao. Jahazi likirudi, mji mzima ulikuwa sikukuu. Lulu za kufugwa za Wajapani ziliiua biashara ile, lakini nyimbo za wapiga mbizi zinaimbwa hadi leo kwa heshima, na sijasikia mtu akisema mabibi wale walikuwa wamesimamisha maisha. Wake wa mabaharia wa Lamu na Mombasa, waliongoja kaskazi ivume, hawasemwi hivyo pia.

Tena baadhi ya wapiga mbizi wale walikuwa watu wetu, waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki. Utumwa ulipigwa marufuku hapa mwaka 1952 tu, na nyumba ya Bin Jelmood pale Msheireb sasa ni makumbusho yanayosimulia habari hiyo waziwazi. Waliletwa bila mkataba wala tarehe ya kurudi, na bado ngoma ya lewa, pamoja na zumari yake, waliipiga kwenye Ghuba hii mpaka ikawa ya Waarabu pia. Nikiwakumbuka hao sioni haya kupiga vigelegele.

Najua swali la wanaharakati: je, furaha hii haitufanyi tuvumilie yasiyovumilika? Niliyoyaona ni kinyume chake. Kampuni moja ilipochelewesha mishahara, kijana wetu mlinzi alikuwa ameanza kukata tamaa na kula mkate mkavu. Wenzake wa mchezo ndio waliombebea mchele na mafuta, wakamwandikia malalamiko, wakaenda naye kuyawasilisha, na kumkumbusha kwamba tangu mwaka 2020 mtu anaweza kubadili mwajiri bila barua ya ruhusa ya yule wa zamani. Aliyekaa peke yake na simu yake angejuaje? Haki hudaiwa na mtu ambaye bado ana kitu anachokitazamia, na watu wa kumuuliza kila Ijumaa kimefikia wapi.

Mzunguko wetu unakwisha mwezi huu na kura mpya inapigwa wiki ijayo. Vijana watatu wamesema hawaingii tena, watacheza na programu ya simu inayokopesha papo hapo. Mama mshika daftari amekataa kuupunguza mchezo uwe wa watu saba. Amewapigia mmoja mmoja, amewaandika majina yao kwa penseli, na amewaambia nafasi ni zao mpaka Ijumaa saa kumi jioni, na kwamba pilau siku hiyo atapika yeye mwenyewe.