Ghala la Samaki Lililogeuka Jukwaa

Kila kundi letu la maigizo likikosa ukumbi, hakosi mtu wa kusema bora tuahirishe. Mimi huwa nawatajia Provincetown.

Ni mji mdogo wa wavuvi kwenye ncha ya Cape Cod, Marekani. Mwaka 1915, waandishi waliokwenda huko kupunga upepo walikuwa na mchezo wa Susan Glaspell na mumewe, George Cram Cook, uliokataliwa na kikundi kimoja cha New York. Wakauigiza nyumbani kwa marafiki. Mchezo mmoja ulichezwa barazani, wa pili sebuleni. Watazamaji waligeuka tu upande wa pili, basi.

Mwenzao Mary Heaton Vorse alikuwa na gati la zamani lenye ghala la samaki. Wakalisafisha, wakapanga mbao za kukalia. Nyuma ya jukwaa palikuwa na mlango mkubwa. Ukiufungua, bahari yenyewe ndiyo mandhari. Julai 1916 Eugene O'Neill, ambaye mchezo wake haujawahi kupanda jukwaani, akawaletea Bound East for Cardiff, habari za baharia anayekufa melini. Hebu fikiria: jamaa anakata roho huku mawimbi ya kweli yanapiga nguzo chini ya sakafu. Seti gani ya kununua ingefika hapo?

O'Neill ndiye aliyezoa sifa, hadi Nobel ya 1936. Lakini kwangu mimi kigogo ni Glaspell. Mumewe alitangaza kuwa mama ataleta mchezo, na mama mwenyewe hana hata mstari! Akaenda kuketi ghalani, akalikodolea macho jukwaa tupu mpaka akaliona jiko. Alipokuwa mwandishi wa habari aliwahi kuripoti kesi ya mauaji huko Iowa. Ikazaliwa Trifles: wanaume wanapekua nyumba nzima kutafuta ushahidi, wanawake wanauona kwenye mshono uliopinda na tundu la ndege, kisha wanaufunika.

Mwaka huohuo wakahamia New York, mtaa wa Macdougal. Mwaka 1920 The Emperor Jones, akiongoza mwigizaji mweusi Charles Gilpin, ikawapeleka Broadway, na hapo ndipo mzozo ulipoiva: tuendelee kujaribu, au tufuate tiketi? Cook alitaka kujaribu. Mwaka 1922 yeye na Glaspell wakafunga mizigo, wakaenda zao Ugiriki.