Hesabu ya tajiri

Jirani yangu hapa Tabata ni dereva wa daladala. Gari si lake. Kila siku lazima ampelekee tajiri hesabu, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho anachogawana na konda wake. Jioni moja alinikuta kibarazani nimeinamia laptopu, akaniuliza siku imekwendaje. Nikamjibu nimeshinda kazini tangu asubuhi.

"Umepata hesabu, kaka?"

Nilicheka, halafu nikakosa jibu. Yeye ikifika saa nane mchana huwa ameshajua kama hesabu itatimia au atalala na deni. Mimi, mwaka wa sita huu naandika bila kuajiriwa na mtu, nilikuwa sijui hata hesabu yangu ni kiasi gani.

"Mwandishi wa kujitegemea" ni cheo kizuri kukitamka mbele ya wageni. Nyumbani hakina nguvu yoyote, maana asiyevaa viatu asubuhi akatoka hahesabiwi kuwa ana kazi. Kwa hiyo ndiye atakayempokea kijana wa gesi, atakayemsimamia fundi bomba, atakayempeleka mtoto wa dada kliniki, na kwenye kikao cha harusi ndiye mweka hazina. "Si upo tu?" Hilo "tu" limekula saa zangu kuliko umeme uliokatika.

Baada ya swali la jirani nilinunua daftari la kurasa 64, na kwa wiki nzima nikaandika kila nusu saa nilichokuwa nafanya. Jumatatu nilikaa mezani kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Saa kumi. Kuandika hasa, yaani sentensi kutoka kichwani kuingia kwenye ukurasa, kulichukua saa 2 na dakika 10. Saa nyingine zilikwenda kwenye barua pepe, ankara, kumtafuta afisa asiyepokea simu, na kumkumbusha mhasibu malipo ya makala iliyotoka miezi mitatu nyuma. Mhasibu huyo ni mpole mno, na upole wake ni gharama: humalizi dakika tano bila kumuuliza hali ya watoto. WhatsApp sitaiandikia idadi, nina aibu zangu. Siku bora ya wiki ile nilifikisha saa 3 na dakika 20.

Daftari likanifundisha na jambo lingine ambalo sikulifuata. Kuna makala niliyokuwa naiuza shilingi 80,000, nikiamini ni kazi ya siku moja. Nilipojumlisha safari, mahojiano, marekebisho mawili na kufuatilia malipo, ilikuwa imemeza saa 11. Hiyo ni elfu saba na ushee kwa saa, kabla ya kodi ya zuio ya asilimia 5. Wiki hiyohiyo nilitafsiri kijitabu cha maelekezo ya pampu ya maji kwa shilingi 60,000, nikakimaliza kwa saa nne. Pampu ilinilipa elfu kumi na tano kwa saa na haikunipigia simu usiku. Makala sijaziacha, nazipenda. Ila sasa nikizikubali najua kwamba sehemu ya malipo ni mapenzi.

Bingwa wa hesabu katika kazi hii alikuwa Mwingereza, Anthony Trollope, aliyeandika riwaya 47. Alimlipa mtumishi wake mzee pauni 5 za ziada kwa mwaka amwamshe na kahawa, ili saa 11 na nusu alfajiri awe mezani. Nusu saa ya kwanza alipitia kazi ya jana. Kisha akaweka saa yake mbele na kujidai maneno 250 kila robo saa. Alikuwa na shajara ya kuandikia kurasa za kila siku, kwa wastani kurasa 40 kwa wiki, kila ukurasa maneno 250, na wiki mbaya ilibaki pale imeandikwa ikimtazama. Aliyaeleza haya mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1883, baada ya kufa kwake, na wako wasomaji walioudhika: sanaa gani hii inayopimwa kama kitambaa dukani?

Wanaomtaja Trollope kwenye semina husahau kitu kimoja. Alikuwa mfanyakazi wa posta tangu 1834 hadi 1867. Ile saa ya kutoka kwenda ofisini ilikuwa ukuta. Hata angetaka kuendelea kuchezea sentensi, asingeweza. Huku kwetu, Shaaban Robert naye alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, akianzia idara ya forodha mwaka 1926, na vitabu akavipenyeza pembezoni mwa kazi ya mshahara. Tunaambiwa tuige nidhamu yao ilhali mwisho wa mwezi wao ulikuwa na uhakika. Asiyeajiriwa hana ukuta wala tajiri. Siku nzima ni yake, ndiyo maana kila mtu anaichota.

Basi nikajipangia hesabu: maneno 700 kabla ya saa 4 asubuhi, simu ikiwa kwenye kabati la vyombo. Nilijaribu pia ile mbinu ya Francesco Cirillo, Mwitaliano aliyekuwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, akajipimia dakika 25 za kazi kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ni mbinu nzuri. Mimi saa ya dakika ninayo kwenye simu, na simu nikiishika nimekwisha, kwa hiyo napima kwa maharage: yakibandikwa nakaa chini, siinuki mpaka niitwe kuongeza maji.

Tarehe na saa za kuwasilisha kazi zina balaa lake. Mteja wa New York akisema saa 11 jioni kwao, hapa Dar ni saa 7 usiku. Wakisogeza saa zao majira ya joto inakuwa saa 6 usiku. Hilo nimelizoea. Lililonishinda ni mhariri mmoja wa ng'ambo aliyejifunza Kiswahili kwa bidii, akaniandikia kwa fahari kwamba anaitaka kazi "saa tano asubuhi". Niliituma saa tano kasoro dakika kumi, nikijisifu. Alikuwa ameisubiri tangu alfajiri, saa zake tano zikiwa saa zetu kumi na moja. Siku hizi namrudishia kila mtu saa kwa mitindo miwili, hata akiniona mshamba.

Nyumbani nilipokuwa nikisema nina dedilaini, hakuna aliyenielewa. Niliposema sijapata hesabu, walielewa siku hiyohiyo. Mjini hapa nani asiyejua hesabu? Mama sasa ndiye mlinzi wangu. Juzi shangazi alikuja saa 3 asubuhi akitaka nimsindikize benki, nikamsikia mama sebuleni akisema kwa sauti ya chini, "Mwache kidogo, wifi, hajapeleka hesabu."

Haitimii kila siku. Jana umeme ulikatika saa 1 asubuhi na betri ikanitosha hadi maneno 430. Jioni jirani akapita, funguo mkononi, akauliza swali lake. Nikamwambia zimebaki 270. Akatazama barabarani.

"Saa moja tu hii, kaka. Abiria wa Kariakoo ndio kwanza wanatoka."