Kabla ya Kuchimba Mtaro

Mradi wa maji si kitu kimoja. Kuna chemchemi, kuna mabomba, kuna tangi, kuna vituo vya kuteka, tena kuna watu wa kulipa na wa kutengeneza. Kila sehemu yaweza kuwa nzuri peke yake na mradi mzima ukakwama, kwa kuwa hakuna aliyeketi mapema kuuliza kama sehemu hizo zinafaana. Wahandisi huita kazi hiyo uhandisi wa mifumo. Ni kuutazama mradi wote pamoja kabla ya kununua hata bomba moja.

Mfano mkubwa uko hapa hapa Kenya. Huko Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, serikali ya Norway ilisaidia kujenga kiwanda cha kugandisha samaki, kikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jengo lilikuwa imara. Samaki walikuwako katika Ghuba ya Ferguson, tena wengi. Lakini kugandisha samaki kunataka umeme mwingi na maji safi mengi, na pale ni jangwa lenye joto kali. Gharama ikashinda faida, mashine zikazimwa baada ya muda mfupi tu. Halafu katikati ya miaka hiyo ziwa likashuka na ghuba ikakauka. Ziwa lile hupanda na kushuka kufuatana na mvua za Ethiopia, maana maji yake mengi huletwa na mto Omo. Hilo halikuwa siri. Wazee wa pwani ile wangeulizwa wangesema. Jengo likaja kuwa ghala ya samaki waliokaushwa juani.

Norway ni nchi tajiri, iliweza kuibeba hasara hiyo. Sisi pesa zetu ni za harambee na za kuuza mayai, hazichangwi mara mbili.

Basi anzeni na chemchemi, na muipime mwezi wa kiangazi kikali, si wakati wa mvua. Kingeni maji yote kwa debe la lita 20, mmoja ashike saa. Debe likijaa kwa sekunde 40, hiyo ni nusu lita kila sekunde, yaani lita 43,200 mchana na usiku. Tukihesabu lita 20 kwa kila mtu kwa siku, yanawatosha watu 2,160. Hapa watu hufurahi, kalamu ikawekwa chini. Lakini ng'ombe je? Mmoja akinywa lita 25, ng'ombe 500 watamaliza lita 12,500, na ng'ombe wa majirani hawangoji mwaliko. Sasa yanabaki maji ya watu 1,535, na shule bado haijahesabiwa.

Tangi nalo litokane na hesabu hiyo hiyo, si na ukubwa wa tangi la kijiji jirani. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi watu wamelala, lakini chemchemi hailali: inatoa lita 18,000. Mkijenga tangi la lita 10,000, litajaa kabla ya saa nane usiku na yanayobaki yatamwagika. Asubuhi akina mama watapiga foleni na kuambiwa eti maji ni machache!

Mteremko ndio huvunja miradi mingi. Kila mita 10 za kushuka huongeza baa 1 ya nguvu ndani ya bomba. Bomba la plastiki la klasi B huhimili baa 6, yaani mita 60 hivi. Kama bonde liko mita 80 chini ya chemchemi, bomba hilo litapasuka bondeni usiku, mifereji yote ikiwa imefungwa. Mnaweza kununua klasi C kwa sehemu ya chini, ambayo ni ghali zaidi, au kujenga tangi dogo la kupunguza nguvu katikati ya mteremko. Hilo likijulikana kwenye karatasi, dawa yake ni kifutio. Likijulikana baada ya mtaro kufukiwa, ni jembe tena na harambee nyingine.

Mambo ya karatasi mnayajua: kibali kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mapatano ya maandishi na kila mwenye shamba bomba linapopita. Msitegemee neno la mdomo la mzee, kwani wanawe hawakulisikia.

Kazi hii yote yaweza kula miezi, na wengine watanung'unika kwamba kamati inakunywa chai tu. Mwenyekiti avumilie. Fundi akimaliza mchoro, nakala moja akae nayo katibu na nyingine iwekwe shuleni, maana kijana anayejua bomba lilipopita huenda mwakani akawa Nairobi.