Keria ya kuvaa na kuvua kwa pikapu kuukuu: gari la Miritini, maembe ya Mukuyuni

Msimu wa maembe ukiingia Makueni, kuanzia Disemba hadi Machi hivi, kule Mukuyuni huanza kuonekana magari ambayo sisi huku Pwani tulidhani yameshazikwa. Mukuyuni ni soko lililo kwenye barabara ya Machakos kwenda Wote, na jina lake halitaki mkalimani, maana Wakamba na sisi twauita mti ule kwa jina karibu moja. Kati ya magari hayo iko Peugeot 504 pikapu, ambayo ukiisikia yapanda mlima wajua ni yeye kabla hujamwona.

Gari hili ni letu. Pikapu nyingi za aina hii ziliunganishwa Miritini, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, na kazi hiyo iliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wafaransa wenyewe wameshaacha kitambo. Wapenzi wa Safari Rally wakumbuka 504 ikishinda mwaka 1975 na tena 1978. Na hata embe lenyewe, lile la apple ambalo Makueni wamelifanya mali, asili yake yasemwa ni huku huku upande wa Malindi. Basi gari la Mombasa labeba embe la Pwani likilirudisha Kongowea. Shida iko njiani: zaidi ya kilomita 350 za jua, matuta na malori, na bodi ambayo kuta zake hazifiki hata kiunoni.

Mchuuzi akimwaga maembe ndani ya bodi hiyo hadi yakawa kichuguu, ya juu yatafika na ya chini yatafika rojo. Akipanga kreti juu ya kreti kupita ukuta wa bodi, kamba ndiyo itakayoshika kila kitu. Ndipo wazo la keria huja, yaani fremu ya chuma inayosimama ndani ya bodi, yenye nguzo, vizuizi vya ubavuni na dari ya mbao katikati, ili mzigo wa juu usiulalie wa chini.

Mafundi wengi wa jua kali watakwambia: leta gari asubuhi, jioni wachukua, tumeichomelea. Mimi naomba ukatae. Jirani yangu mmoja alichomelewa keria ya kudumu kwenye kuta za bodi ya pikapu yake, kazi safi ya kupendeza macho. Bati la bodi kuukuu ni jembamba na limeshaliwa na kutu kwa ndani, mahali usipopaona. Kabla ya msimu kwisha, ukuta wa kushoto ulipasuka palepale pa kuungia, njiani, na mzigo. Hakuumia mtu, lakini maembe yaliuzwa pale pale kando ya barabara kwa bei ya huruma, na bodi ikawa haifai tena kwa keria wala bila keria.

Keria ya kuvua ina faida nyingine ambayo mwenye gari huitambua msimu ukiisha. Pikapu ya kijijini ina kazi nyingi. Leo maembe, kesho matangi ya maji, keshokutwa saruji au ng'ombe wa mahari. Keria iliyochomelewa huenda nawe kila safari, ikila mafuta na kukuzuia kupakia kitu kipana.

Sasa kazi yenyewe. Anza kwa kulala chini ya gari kabla hujanunua chuma. Tafuta mihimili ya kukingama iliyo chini ya sakafu ya bodi, ile inayokalia chesisi, na uigonge kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hunong'ona. Ikiwa mihimili imeoza, acha habari ya keria, pesa yako ipeleke huko kwanza. Kisha pima bodi kwa juu, kwa chini, na kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe. Gari la miaka 30 au 40 halina pembe mraba, na fremu iliyokatwa kwa kipimo kimoja haitaingia. Acha nafasi ya sentimita mbili kila upande.

Bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, unene wa milimita 2, latosha kwa vizuizi vya ubavuni. Kwa nguzo na kwa mihimili ya dari chukua unene wa milimita 3. Hilo la 2 lina uzito wa kilo mbili na robo hivi kwa mita, na la 3 ni kama kilo tatu na nusu. Ukitumia mita 18 kwa jumla, keria itakuwa kati ya kilo 40 na 60. Weka namba hiyo akilini, tutairudia.

Itengeneze vipande vipande: fremu moja ya mbele nyuma ya kabini, moja ya nyuma karibu na mlango wa bodi, na vizuizi viwili vya ubavuni vinavyofungwa kwenye fremu hizo kwa boliti. Hivyo watu wawili wainyanyua bila kuita mtaa mzima. Usisahau vyuma vya mshazari kwenye kona. Fremu isiyo na mshazari hushikilia uzito wa kwenda chini vizuri tu, lakini gari likikata kona husukumwa ubavuni na kulala kama kiberiti kitupu. Fremu ya mbele nayo isiguse kabini. Barabara mbovu huipinda kabini na bodi kila moja kivyake, na chuma kinachozigusa zote mbili kitatoboa kioo au bati.

Miguu ndiyo roho ya kazi hii. Kila nguzo ikae juu ya bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10, unene wa milimita 6, na chini ya sakafu, penye muhimili, liwepo bamba jingine kama hilo. Boliti za milimita 12 zipite katikati ya yote, na nati mbili mbili chini ili moja iifunge nyingine. Sakafu pekee bila muhimili haishiki kitu, boliti itaichana kama karatasi. Chesisi yenyewe usiitoboe. Ukilazimika kuishika, tumia yuboliti, vile vyuma vya umbo la U kama vinavyofunga springi za nyuma.

Kuchomelea kote kufanyike chini, mbali na gari. Fundi akitaka kushikiza fremu ikiwa ndani ya bodi ili apate pembe, ang'oe waya wa betri kwanza, na ajue tangi la mafuta liko wapi. Mabomba yaliyopakwa zinki ni ya kuangalia sana, moshi wake ukichomwa huleta homa. Ziba vichwa vya nguzo mvua isiingie, na toboa kitundu kidogo kwa chini ili unyevu utoke. Paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya urembo, pamoja na ndani ya matundu ya boliti. Hapo ndipo kutu huanzia, na watu wa Pwani hatuhitaji kuhadithiwa habari ya kutu.

Turudi kwenye uzito, maana hapa ndipo watu hujidanganya. Keria yaongeza nafasi, haiongezi nguvu. Springi za nyuma za 504 pikapu ni za mabapa, ngumu kweli kweli, na sifa hiyo imewaponza wengi. Soma kibao cha gari lako. Tuseme charuhusu kilo 1,000 nyuma. Toa keria kilo 60, mbao za dari 30, turubali na kamba 10. Zimebaki 900, yaani kreti 45 za kilo 20, na hiyo ni kama springi ni nzima. Kama mabapa yamenyooka gari likiwa tupu, punguza tena. Kreti za juu ya dari ziwe chache kuliko za chini, kwa sababu mzigo ukipanda juu gari hulegea kwenye kona, na vilima vya Kilungu viko jirani tu na Mukuyuni. Tena utingo asikae juu ya mzigo ati keria itamshika. Keria imejengewa maembe.

Pikapu ya biashara hukaguliwa kila mwaka, kwa hiyo nenda ukamwulize mkaguzi wa NTSA kabla ya kukata chuma. Taa za nyuma na namba ya gari zisifichwe, na chuma chochote kisitokeze nje ya bodi.

Siku ya kwanza safiri na nusu mzigo. Ukifika Emali simama, ingia chini na spana, kaza nati zote. Chuma kipya hukaa, rangi hujipondaponda chini ya bamba, na nati iliyokuwa imekaza asubuhi huwa yazunguka kwa vidole. Rudia Mtito Andei, kisha kila wiki.

Msimu ukiisha vua keria, isimamishe kivulini juu ya matofali. Matundu ya sakafu yazibe kwa boliti fupi na mpira, la sivyo maji ya mvua yatashukia kwenye mihimili. Boliti zile ndefu zitie kwenye kopo lenye mafuta machafu ya injini, ulifunge kwa waya kwenye keria yenyewe, usije ukalitafuta nyumba nzima Disemba ikirudi.