Bili isiwe kisu cha kukata urafiki

Na MWANDISHI WETU

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza ni marafiki wangapi mjini wamepotezana, si kwa ugomvi wala fitina, bali kwa sababu ya kijikaratasi kinacholetwa mezani baada ya watu kushiba?

Mwandishi wa makala haya ameyaona hayo kwa macho yake. Tulikuwa marafiki sita tuliosoma chuo kimoja jijini Nairobi. Tulipoanza kazi tukaweka ada ya kukutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi katika soko la Kariokor. Jina hilo, kwa wasiojua, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliotumikia jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia (1914-1918).

Anayekula nyama choma hahitaji kuelezwa raha yake. Mnachagua mbavu au paja la mbuzi, linapimwa kwa kilo na kupelekwa motoni, nanyi mnapiga soga huku harufu ya moshi ikiwadondosha mate. Hatimaye nyama inaletwa juu ya ubao, inakatwakatwa mbele yenu, pamoja na ugali moto, kachumbari na kirundo cha chumvi. Mkishanawa mikono, hapo hakuna meneja wala tarishi.

Tatizo lilikuwa bili. Tuliigawa sawasawa kwa sita, aliyekula akavimbiwa na aliyedonoa tu. Punde si punde mwenzetu mmoja akaanza kukosa. Mwezi huu ana mgeni, mwezi ujao anaumwa na jino. Sisi tukanong'ona kwamba siku hizi ana maringo.

Ilipita miezi minne kabla ya mmoja wetu kukutana naye jioni moja katika barabara ya Jogoo, akielekea nyumbani Umoja kwa miguu.

"Ndugu yangu, mbona umetususia?"

"Sijawasusia," alijibu akitazama chini. "Ni mfuko ulionisusia mimi. Kazi iliisha tangu Machi."

Tulipopata habari hiyo tuliona haya. Miezi minne yote tulikuwa tukila na kucheka, na hakuna aliyekwenda kumbishia hodi. Kumbe mtu anaweza kuomba kukopeshwa nauli, lakini kukiri mbele ya wenzake kwamba hawezi kulipia sahani ya chakula ni jambo linalomshinda.

KILA MTU NA ALICHO NACHO

Tangu siku hiyo tuliamua kuhamishia Jumamosi yetu nyumbani, katika chumba kimoja cha mwenzetu mwingine papo hapo Umoja. Sheria ilikuwa moja tu: kila mtu aje na alicho nacho. Huyu unga, yule maharagwe, mwingine nazi na vitunguu. Asiye na kitu aje na mikono yake.

Na hapo ndipo tulipogundua siri. Yule aliyepoteza kazi alilelewa na mama aliyeuza chapati, na hakuna kati yetu aliyemfikia kwa kusukuma. Yeye akawa mwalimu, sisi wanafunzi. Aliyekuwa akijificha kwa kukosa pesa akawa ndiye anayengojewa ili kazi ianze.

Wengi wetu tuliolelewa bara tunakumbuka jinsi chapati ilivyokuwa chakula cha Krismasi. Lakini si lazima ingoje sikukuu. Pakiti moja ya unga wa ngano ya kilo 2 hutoa chapati 20 hivi. Mkiwa sita, hizo ni tatu kwa kila mtu na mbili za kugombania. Kanda unga kwa maji vuguvugu, chumvi, sukari kidogo na mafuta, mpaka uwe laini. Ufunike kwa nusu saa. Kata matonge, sukuma, paka mafuta, viringisha, kisha sukuma tena kabla ya kuchoma. Mwanafunzi asiye na kifimbo cha kusukumia asivunjike moyo, kwani chupa ya soda iliyooshwa vizuri hufanya kazi hiyo hiyo.

Kitoweo ni maharagwe ya nazi. Nusu kilo huwatosha watu sita. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa maji mapya mpaka yaive kabisa. Kaanga vitunguu na nyanya, tia maharagwe na tui jepesi, yaache yatokote. Tui zito hutiwa mwisho, kwa moto mdogo, huku ukikoroga lisikatike.

JE, TUSITOKE TENA?

La hasha! Kula nje kuna raha yake, na si lazima pawe mahali pa vitambaa vya meza. Ndugu zetu wa Mombasa wanalijua hilo zamani. Asubuhi ni mahamri kwa mbaazi, na jioni ni viazi karai, mishkaki au mihogo iliyotiwa ndimu na pilipili pale Mama Ngina, watu wakipunga upepo wa bahari. Nairobi nako kuna vibanda vya githeri na chapati maharagwe. Chagua penye wateja wengi, chakula kikiwa bado kinatoa mvuke, na maji na sabuni ya kunawia.

Muhimu ni kukubaliana mapema. Semeni kiasi mtakachotumia kabla ya kutoka nyumbani, si baada ya kula. Kila mmoja aagize kwa uwezo wake na alipie alichoagiza, au mchange kimyakimya. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, mchango unaweza kumfikia mmoja wenu bila mtu mwingine kujua nani ametoa nini. Na akitokea anayetaka kumlipia mwenzake, asitangaze.

Wazazi nao wasikunje uso watoto wao wanapoleta wenzao nyumbani. Sufuria moja ya maharagwe ikiongezwa kikombe cha maji haijawahi kumfilisi mtu.

Mwenzetu alipata kazi nyingine baada ya mwaka mmoja. Mshahara wa kwanza ulipoingia alitupeleka Kariokor na kukataa katakata tusichangie hata soda. Tulimwachia, maana ilikuwa furaha yake. Lakini mwezi uliofuata tulirudi Umoja, kwenye unga na kibao.

Basi msomaji, mtakapoketi tena kula na marafiki, kabla hamjaagiza chochote, tazameni ni nani ambaye siku hizi haji. Kisha nendeni mkambishie hodi.