Utangulizi: Rangi Inahitaji Shahidi

Mfanyabiashara wa vito anaingia kwenye duka la mabango katikati ya Jiji la Arusha, mkononi ana picha ya tanzanaiti kwenye simu. Anataka bango la mita tatu la kuweka kwenye maonyesho. Kwenye simu jiwe ni la bluu iliyokolea, na kwenye kompyuta ya fundi ni bluu vilevile. Bango linapotoka kwenye printa, jiwe limegeuka zambarau. "Kaka, hili si jiwe langu," anasema mteja. Fundi anaosha kichwa cha printa, anabadilisha wino, anachapa upya. Linatoka zambarau ileile.

Kisa cha namna hii hutokea kila penye printa kubwa, na mimi hukitumia kufungulia somo kwa sababu hakina mkosaji wa kumnyooshea kidole. Simu, kompyuta na printa kila kimoja kilitoa rangi kilivyoweza. Kilichokosekana ni shahidi ambaye wote watatu wangemkubali. Elimu ya kumpata shahidi huyo ndiyo usimamizi wa rangi, na karibu sana ndani yake.

Msemaji wa Kiswahili anaingia humu akiwa na mtaji. Vivumishi vyetu vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi tunazitaja kwa kumwonyesha mtu kitu anachokijua. Kijani ni jani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, manjano ni bizari, na zambarau ni lile tunda. Fundi nguo akitaka wekundu mzito ulioiva huagiza "damu ya mzee". Brent Berlin na Paul Kay, waliochapisha utafiti wao wa majina ya rangi mwaka 1969 na kukiweka Kiswahili kati ya lugha 20 walizozipima, walidai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa nayo hayohayo: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Madai yao yamejadiliwa sana tangu hapo. Kwetu sisi funzo liko kwingine: wazee waliotuachia lugha hii walijua kwamba rangi bila kielelezo ni ubishi.

Tatizo ni kwamba majani ya mgomba wa Tengeru na majani ya mkonge hayana kijani kimoja. Kiwanda kinahitaji kielelezo kisichonyauka, yaani namba. Katika miaka ya 1920 huko Uingereza, David Wright na John Guild, kila mmoja kwa majaribio yake, waliwaomba watu wachanganye mianga mitatu, mwekundu, wa kijani na wa bluu, hadi ilingane na mwanga waliowekewa mbele. Wright alitumia watu 10, Guild 7. Kutoka kwenye macho ya watu hao 17, Tume ya Kimataifa ya Mwanga ilitunga mwaka 1931 "jicho la kawaida" ambalo bado ndilo msingi wa vipimo vyetu. Mwaka 1976 ikaongeza mfumo wa Lab, unaoipa kila rangi namba tatu: weupe au weusi wake, nafasi yake kati ya kijani na nyekundu, na nafasi yake kati ya bluu na njano. Umbali kati ya rangi mbili katika mfumo huo huitwa delta E. Ukikaribia 1, hata jicho lililozoea hupata shida kuziona tofauti.

Sasa turudi kwa mteja wetu. Skrini hutoa mwanga: ikitaka bluu, huwasha bluu. Printa haina mwanga wa kuwasha. Inamwaga wino unaomeza sehemu ya mwanga unaouangukia, na bluu yake huipata kwa kulaza sayani juu ya majenta. Wino halisi haujawahi kuwa safi. Majenta humeza pia kiasi cha bluu ambayo ingepaswa kuiachia. Kwa hiyo bluu kali ya tanzanaiti huwa nje ya uwezo wa wino wa kawaida, na programu isiyoelekezwa huiangusha kwenye zambarau. Fundi angeosha kichwa cha printa hadi jioni bila kubadilisha hilo. Ndiyo maana baadhi ya mashine huongezewa wino wa urujuani, wa chungwa au wa kijani.

Shahidi anayetafutwa huitwa profaili. Mwaka 1993 kampuni 8, zikiwamo Adobe, Apple na Kodak, ziliungana kuweka muundo mmoja wa faili unaoeleza jinsi kila chombo kinavyozungumza rangi. Kuitengeneza ni kazi ya subira. Fundi huhakikisha kwanza matundu yote ya wino yanapitisha, huweka kikomo cha wino ili usitiririke, kisha huchapa vibandiko mamia vya rangi zinazojulikana. Huviacha vikauke, kwa kuwa rangi husogea wino unapokauka, halafu huvipima kimoja kimoja kwa spektrofotometa. Kompyuta hulinganisha kilichoagizwa na kilichotoka. Vinili ina profaili yake, kanvasi yake, turubai la mabango yake, kwa sababu weupe wa kila moja ni tofauti. Atakayechapa bendera za nchi 8 za Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ajili ya mkutano hapa Arusha, nyingine kwenye kitambaa na nyingine kwenye stika, ataona faida yake siku hiyohiyo.

Hata hivyo profaili huapa chini ya mwanga maalumu, ule wa mchana wa kelvini 5,000. Badilisha taa, na ushahidi unabadilika. Tanzanaiti yenyewe, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, huonekana bluu zaidi mchana na urujuani zaidi chini ya balbu ya zamani ya waya. Wino nao una tabia ya aina hiyo: vibandiko viwili vinavyofanana chini ya taa za duka vinaweza kuachana vikitolewa barabarani.

Kisha kuna jua. Arusha iko karibu na ikweta, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mionzi yake haina huruma. Tazama mabango ya zamani kando ya barabara ya Moshi: nyuso za watu zimekuwa za kibuluu. Majenta na njano hufifia mapema, sayani hudumu. Usahihi wa rangi, basi, una tarehe ya mwisho.

Sura zinazofuata zitapita kwenye fizikia ya mwanga, kemia ya wino, tabia za jicho na kazi za kompyuta, kwa hesabu ya sekondari tu. Kabla ya kuzifungua, fanya zoezi moja. Asubuhi isiyo na mawingu, simama Njiro uutazame Mlima Meru, kisha andika rangi yake. Wengi huandika bluu. Halafu panda hadi msituni uandike tena. Ukishapata majibu mawili na ukaweza kueleza kila moja lilitolewa kutoka wapi, saa ngapi na chini ya mwanga gani, utakuwa umeanza kumjibu mteja wetu: "Kaka, jiwe lako tuliangalie wapi kwanza?"