Wana Watatu na Bunduki ya Baba Yao

Wajukuu zangu, sogeeni.

Zamani, vijana wa Kikurya wa Tarime na Serengeti walipokwenda kuiba ng'ombe wa ukoo mwingine, walibeba pinde, mishale ya sumu na mapanga. Watu waliumia, wengine walikufa. Kisha vikaja Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda. Wakurya wengi walikuwa jeshini, na baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979, baadhi ya bunduki za vita zilifika vijijini kwa siri. Wizi wa mifugo ukageuka. Risasi zikalia usiku, na kabla ya jua kuchomoza ng'ombe walikwisha kuvushwa mpaka kuingia Kenya.

Sasa sikilizeni hadithi. Mzee mmoja alificha bunduki ya namna hiyo chini ya ghala la nafaka. Alipozeeka aliwaita wanawe watatu na mama yao, akauliza, "Tuifanyeje?"

Wa kwanza akasema, "Tuiweke, baba. Wezi wakija, tutajilinda."

Mama akajibu, "Mwanangu, siyo kosa kuogopa. Ng'ombe wakiibwa, ada ya shule imekwenda, na mahari imekwenda. Lakini habari za bunduki hazifichiki. Wezi watakuja kuitafuta yenyewe, nao watafyatua kwanza. Tena haina leseni. Polisi wakiikuta, baba yenu ataozea gerezani."

Wa pili akasema, "Basi tuitumie. Twende tukarudishe ng'ombe wetu walioibwa."

"Gizani utajuaje risasi imempata nani?" mama akamuuliza. "Ikimpata mtoto wa wenzetu, ukoo wake hautasahau. Ng'ombe hulipwa. Mtoto atalipwa na nini?"

Wa tatu akasema, "Tuiuze. Tutapata fedha, na nyumba itakuwa salama."

Hapo mama alinyamaza kidogo, kwa maana shauri hilo lilionekana la busara. Kisha akasema, "Nani atanunua bunduki isiyo na leseni? Mwizi wa ng'ombe, au jangili anayeingia Hifadhi ya Serengeti. Kumuuzia huyo ni kumkabidhi ufunguo wa zizi letu. Chuma hakizeeki kama sisi. Fedha zitakwisha, bunduki itaendelea kuua."

Mzee akaamua kuisalimisha.

Wajukuu zangu, mzee huyo ni wa hadithi, lakini njia aliyoichagua ni ya kweli. Mwaka 2022, na tena Septemba na Oktoba 2023, serikali ya Tanzania ilitoa msamaha: aliyesalimisha silaha haramu kwa hiari hakushitakiwa kwa kuwa nayo. Na wapo wanaomiliki bunduki kihalali, chini ya sheria ya mwaka 2015. Hao nao hawawezi kuiazimisha wala kumuuzia wamtakaye. Mwenye leseni akifariki, bunduki haigawiwi kama shamba. Jamaa zake huipeleka polisi.

Kwa hiyo mkiona bunduki popote, iwe gobore au ya kivita, msiiguse hata kama mmeambiwa haina risasi. Ondokeni, mkamwambie mtu mzima mnayemwamini. Na mtakapokuwa na mazizi yenu, walindeni ng'ombe pamoja na majirani, kwa sungusungu na kwa vikao vya wazee. Ng'ombe wa jirani yako wakiwa salama, na wako wako salama.